Stelingi Hafi

Nitamwandika Elphas kama nilivyomjua, na kama kuna ndugu yake atakayeona nimemwanika, ajue kwamba nami nimejianika humu humu.

Tulilala chumba kimoja Al-Murabba, mjini Riyadh, kwa miaka mitatu, wanaume sita, vitanda vitatu vya kupandana na dirisha moja linalotazama ukuta. Mimi ni askari wa lango katika jengo la ofisi kule Olaya, naitwa Danson. Elphas aliendesha basi la wafanyakazi. Kitanda chake kilikuwa chini ya changu, kwa hiyo maisha yake nimeyasikia yote yakipanda kutoka chini, nikitaka nisitake.

Kabla ya Saudia, Elphas alikuwa dijei wa filamu huko Kimilili. Si dijei wa muziki. Huyu ni yule mtu anayekaa kando ya televisheni katika kibanda cha video, kipaza sauti mkononi, akisimulia filamu ya Kichina au ya Kihindi kwa Kiswahili kana kwamba amezaliwa tumbo moja na waigizaji. Haelewi neno hata moja la wanayosema. Anatazama mdomo, jicho na mkono, halafu anawapa maneno yake mwenyewe, pamoja na majina. Jambazi anaitwa Wekesa, mkubwa wa polisi ametoka Bungoma, na mrembo alimaliza shule mwaka jana, yuko tu nyumbani anasumbuliwa na wajomba. Watu huja kumsikia yeye. Filamu ni kisingizio.

Kazi hiyo ina sheria moja, naye aliikariri kama katekisimu: stelingi hafi. Stelingi ni yule mkubwa wa filamu, ambaye watazamaji wamempa mioyo yao tangu mwanzo. Akipigwa risasi, dijei atasema amezimia. Akizikwa, dijei atasema hilo ni jeneza la mwingine. Mara moja tu Elphas aliwahi kumwacha stelingi afe kama filamu ilivyotaka, na mama mmoja muuza mahindi akalia mpaka akasindikizwa kwake, na wiki nzima kibanda kikawa na viti vitupu. Tangu siku hiyo hakuua mtu tena.

Mkewe, Selipher, ndiye aliyetangulia kuja huku. Alipata kazi Jeddah, nyumbani kwa madam Hanan, kumtunza babake madam, mzee wa miaka themanini na ushei ambaye nyumba nzima ilimwita baba Fuad. Elphas alipomfuata, wakala akamtupa Riyadh. Mke Jeddah, mume Riyadh, nchi moja, na kati yao karibu kilomita elfu moja za jangwa. Mume alikuwa na Ijumaa yake ya kupumzika. Mke hakuwa hata na hiyo. Idi moja Elphas alipanda basi katika kituo cha Batha, hapa Riyadh, akasafiri saa kumi na tatu, akasimama kando ya pipa la taka nje ya nyumba ya madam Hanan mpaka Selipher alipotoka na mfuko. Waliongea dakika chache, mke akarudi ndani kutafuta taka nyingine. Siku hiyo nyumba ile ilitoa taka mara tatu.

Aliporudi alitusimulia safari hiyo kwa sauti yake ya kibandani, na tulicheka mpaka Lewis, mwenzetu wa chumba aliyekuwa na zamu ya kupika, akaunguza ugali. Nikikumbuka sasa sioni tulikuwa tunacheka nini.

Baba Fuad alisomea uhandisi Italia ujanani, akarudi na shahada na mapenzi ya filamu zao za kuchekesha, zile za zamani zisizo na rangi. Alikuwa na kabati zima la diski. Kiharusi kilimwachia upande mmoja wa mwili na maneno machache, lakini kicheko kilibaki kizima. Kila Ijumaa baada ya alasiri, madam akienda kwa dada zake, Selipher alimwekea diski moja na kukaa naye mpaka magharibi. Ndiyo saa pekee katika wiki aliyoruhusiwa kushika simu yake. Maandishi ya Kiarabu yalipita chini ya picha, lakini Kiarabu cha Selipher kilikuwa cha jikoni, cha kusikia, si cha kusoma.

"Baba Ian," alimwambia mumewe siku moja, Ian akiwa mtoto wao aliye shule ya bweni, "huyu mzee anacheka na mimi nimekaa tu hapa kama kiti. Si unielezee hii muvi?"

"Kiitalia nimejulia wapi mimi?"

"Na Kichina ulijulia wapi?"

Ikawa hivyo. Selipher alituma picha ya jalada la diski, Elphas akaitafuta filamu mtandaoni, akaitazama Alhamisi ili ajiandae. Ijumaa wakahesabu moja, mbili, tatu, wakabonyeza kwa pamoja, yeye kwa kompyuta ya Lewis pale kitandani, wao kwa televisheni kule Jeddah, na simu katikati. "Watazamaji wetu wa Jeddah na mitaa ya karibu," Elphas alianza, "leo tuko na fundi viatu kwa jina Barasa, na viatu vyake mwenyewe vina matundu."

Mimi mwanzoni nilizidharau. Filamu haina rangi, haina bunduki, watu wanapiga kelele juu ya sahani ya tambi. Lakini chumba ni kidogo na sikio halina mlango, nikajikuta nashuka kitandani. Kumbe ni watu wangu wale. Wanakaa saba chumba kimoja, nguo zimeanikwa kamba juu ya kamba mpaka jua haliioni barabara. Mwanamume anavaa suti yake moja kwenda kuomba kazi, ameshika kofia mahali penye kiraka, anaapa mbele ya bosi kwamba ameshakula, na tumbo linamwumbua hapo hapo. Wanapanga foleni ya karatasi, na karatasi ikipatikana inakosa muhuri. Nani kati yetu hajapanga foleni hiyo kwa sababu ya ikama, kile kibali cha kukaa? Tulichopishana nao ni tambi tu.

Uzuri wao mwingine sikuujua mapema, maana Elphas alituficha. Waitalia wale wanakuchekesha saa moja na nusu, halafu dakika tano za mwisho wanakuachia mtu mmoja amesimama barabarani peke yake, na hawakuombi radhi. Elphas hakuziweza dakika hizo tano. Fundi viatu aliachwa na mchumba, Elphas akawaoza. Mpiga tarumbeta alifia hospitalini. Elphas akampandisha meli ya Amerika. Selipher alifurahi. Alimwona baba Fuad akifuta macho, akadhani ni machozi ya kicheko.

Mwezi wa pili mwaka huu, Lawrence, kakake Selipher, alimpigia Elphas simu kutoka nyumbani. Mama yao, mama Keziah, alikuwa ameamka, akalisha kuku wake, akaketi kwenye kigoda, na hakuinuka tena.

"Usimwambie Seli, shemeji," Elphas alimwambia. "Mtu yeyote asimwambie. Niachie mimi."

Sababu alikuwa nazo. Mkataba wa Selipher ulikuwa unaisha mwezi wa sita, na madam alikwisha sema ijaza mafi, likizo hakuna, hata iweje. "Atalilia wapi?" Elphas alituuliza. "Jikoni, akikunja sambusa za Ramadhani? Wacha afike nyumbani kwanza, aambiwe akiwa ameshikwa mikono." Tukakubali sote, tukaona ni hekima. Kwetu si jambo geni. Walio ng'ambo hufichiwa misiba kwa kuhurumiwa. Ian akaonywa. Mama Keziah akazikwa Jumamosi, binti yake wa pekee akiwa anapiga deki sebule ya watu.

Kila Ijumaa kabla ya filamu Selipher aliuliza, "Mama yuko aje?" Elphas akajibu kwamba amelala, au yuko kanisani, au ameenda kwa shangazi Kitale ambako mtandao haushiki. Siku moja Elphas alikuwa bafuni, nikapokea simu mimi.

"Danson, mama hajambo?"

"Hajambo, anakusalimia sana," nilisema.

Hakuna aliyenilazimisha. Nililisema haraka, kama mtu anayefukuza nzi, na katika yote niliyoyasema Saudia ndilo neno ningependa kulimeza tena.

Kisha baba Fuad akachagua diski ya nyanya.

Elphas aliitazama Alhamisi, nami nikiwa juu nikining'iniza kichwa. Ilikuwa arusi katika mtaa wa vichochoro. Asubuhi ya arusi, baba wa bibi arusi, mnene mwenye masharubu, anamkuta mamake, nyanya wa bibi arusi, amefia kitini na kikombe cha kahawa mkononi. Msiba ukitangazwa arusi itaahirishwa, na bwana arusi ameshatoroka mara mbili. Basi wanamvisha nyanya kofia ya manyoya na miwani myeusi, wanambeba na kiti chake, wanamweka meza ya heshima. Wageni wanambusu mkono. Mzee mmoja kiziwi anaongea naye chakula kizima, halafu anawaambia watu hajawahi kukutana na mwanamke msikivu namna hiyo. Mpaka dansi nyanya anachezeshwa. Nilicheka mpaka kitanda kikalia, kisha nikauona uso wa Elphas.

"Mwambie haipatikani," nilisema.

Ijumaa akamwambia. Selipher hakukubali. "Baba Fuad ameikumbatia hii diski tangu asubuhi," alisema. "Tafuta vizuri."

Elphas akaitafuta vizuri, akasimulia, na nasema kwa haki kwamba hajawahi kusimulia vile. Nyanya hakufa. Nyanya alimeza vidonge vya usingizi vya jirani akidhani ni peremende. "Watazamaji, nyanya amelala, na anaota arusi yake mwenyewe," alisema, jasho likimtoka chini ya kiyoyozi. Selipher alicheka ndani ya simu, na nyuma yake tukamsikia mzee akicheka kwa kukoroma. Chumba chetu nacho kikacheka, hata sisi tuliojua.

Zikafika dakika tano za mwisho. Wageni wameondoka, meza zimejaa mabaki, mbwa anakula keki. Nyanya ameachwa kitini peke yake. Bibi arusi, ambaye wamemficha msiba siku nzima, anarudi na gauni lake, hasemi kitu, anamvua nyanya ile kofia ya manyoya, anatoa kitana na kuanza kumchana nywele, taratibu, kutoka utosini mpaka ncha. Alikuwa amejua tangu asubuhi. Hakuna muziki.

"Anamwamsha," Elphas alisema. "Anamwambia, nyanya amka twende nyumbani, gari liko nje."

Kule Jeddah baba Fuad alikuwa ameacha kucheka. Tulimsikia wazi, kwa ile sauti yake ya nusu mdomo, akisema, "Allah yarhamha."

Hakuna aliyekaa Saudia mwaka mmoja asilijue neno hilo. Selipher alilisikia kila siku, kwa kuwa madam Hanan hamtaji marehemu mamake bila kulisema. Ni la kumwombea rehema aliyekufa. Aliyelala haombewi hivyo.

"Baba Ian," Selipher alisema. "Huyu nyanya amelala?"

"Ni muvi tu, Mama Ian."

"Nimekuuliza."

"Amekufa," alisema Elphas.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

 Akaanza kuwauliza mmoja mmoja, kwa sauti ya mtu anayepanga nguo za kufua.

"Yule fundi viatu, alioa?"

"Hapana."

"Na wa tarumbeta? Alifika Amerika?"

"Hakufika."

"Na mama?"

 Kwenye kompyuta filamu ilikuwa imefika mwisho na kioo kimebaki cheusi. Nilimwangalia Elphas, nikaangalia sakafu.

"Mama yangu amelala, Elphas?" Hakumwita Baba Ian.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yetu ilitoka Riyadh mpaka Jeddah na bado iliishia hapo. "Mwezi wa pili," Elphas alisema. "Tarehe kumi. Alilisha kuku, akaketi." Selipher hakupiga nduru. Aliuliza alizikwa siku gani. Aliuliza ni nani wengine waliojua, na Elphas akataja majina yote, langu likiwemo. Kisha akakata simu.

Ijumaa tatu zilizofuata simu yake haikupatikana. Elphas aliendesha basi, akala, akafua, na kitanda cha chini hakikutoa sauti. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa, maana tulifanya kitu kimoja, ila yeye alikifanya kwa mapenzi na mimi kwa uvivu. Lewis alimwambia atasamehewa, ni suala la siku tu.

"Si hilo," Elphas alijibu. "Nilidhani nampunguzia kilio. Kumbe nilimnyima."

Ya wiki hizo tatu Selipher mwenyewe alinisimulia baadaye. Kwao, mtu akishazikwa, kuna siku jamaa hunyolewa nywele. Alichukua wembe wa kumnyolea baba Fuad ndevu, akaingia bafu la wafanyakazi kando ya mashine ya kufulia, akajinyoa kichwa kizima peke yake, akafunga kitambaa. Madam hakugundua. Baba Fuad aliona nywele ndani ya pipa dogo la taka Selipher alipolipitisha. Aligongagonga kiti kilicho kando yake kwa mkono wake mzima mpaka Selipher akaketi, na siku hiyo hakudai diski yoyote.

Ijumaa ya nne simu ya Elphas ililia baada ya alasiri.

"Danson yuko hapo?" lilikuwa swali la kwanza.

"Niko. Nisamehe, Mama Ian."

"Wewe tutaongea," alisema. Kisha akamgeukia mumewe. "Lawrence ameniambia alirekodi video ya mazishi, na uko nayo."

"Niko nayo."

"Umeitazama?"

"Nilianza. Sikumaliza."

"Nitumie. Tuitazame pamoja, kama siku zote. Na usiongee."

Ilichukua muda kufika. Selipher akaiweka kwenye televisheni, akamsogeza baba Fuad, Elphas akafungua kompyuta, na sisi wengine tukasimama nyuma yake bila kukaribishwa. Moja, mbili, tatu.

Ua wa mama Keziah, mahema mawili, viti vya plastiki, jeneza juu ya stuli. Pasta anahubiri, na kipaza sauti kinakatika kila anapofika kwenye jina la marehemu. Halafu kuku mmoja mwekundu, wa mama mwenyewe, akaruka akatua juu ya jeneza. Pasta akamfukuza kwa Biblia. Kuku akashuka, akazunguka, akarudi, safari hii akalala kabisa kama anayetaka kutaga. Wanaume wawili wakamkimbiza chini ya viti vya wazee, na mwenyekiti wa kamati ya mazishi akaanguka chali na kiti chake, miguu juu, hotuba ikiwa mkononi. Picha ikatikisika. Aliyekuwa anarekodi, Lawrence, mfiwa, alikuwa anacheka.

Wa kwanza kucheka kule Jeddah alikuwa baba Fuad. Kisha Selipher. Alicheka kile kicheko chake cha Ijumaa, kikapanda, na bila kusimama mahali kikawa kilio. Alilia kwa sauti, na hakujizuia. Elphas alikuwa ameuma mkono wa shati lake. 

Katika video watu walipanga mstari wa kumwona marehemu kwa mara ya mwisho. Lawrence alikaribia na simu yake. Mama Keziah alikuwa amevaa gauni jeupe, kitambaa kimevutwa nyuma, mvi zake zimegawanywa katikati na kulazwa vizuri pande zote mbili.

"Simamisha," Selipher alisema.

Elphas akasimamisha.

"Nani alimchana?"

Elphas alisogeza uso karibu na kioo.

"Mama hakuwa anachanwa na mtu. Ni mimi tu, kila Jumamosi jioni, tangu niko darasa la tatu. Nani alimchana nywele, Elphas?"

Angeweza kusema ni shangazi wa Kitale. Angeweza kusema ni jirani fulani mwenye mkono mwepesi, akampa na jina, na Selipher labda angeshukuru. Niliiona midomo yake ikianza kusogea kama zamani. Kisha akaifunga.

"Sijui," alisema. "Sikuuliza."

Tulimsikia Selipher akipenga kamasi. Tukamsikia baba Fuad, polepole, akimwombea rehema mwanamke ambaye hakuwahi kumwona.

"Haya," Selipher alisema. "Hesabu, tuendelee."

Elphas akahesabu moja. Akahesabu mbili. Ya tatu haikutoka. Selipher akaisema yeye, na wakaitazama mpaka mwisho.